Korosho Inayokwenda Visiga

Kazi yangu ni kutazama video. Nikisema hivyo vijana hunionea gere, wakidhani nashinda kwenye kochi nikitafuna bisi. Ukweli ni kwamba nina chumba kimoja Visiga, kando ya Barabara ya Morogoro, chenye kompyuta mbili, feni inayolalamika na kiti kilichoniharibia mgongo. Humo nahariri video za harusi, za kuwaaga mabibi harusi, na za mahafali ya watoto wa chekechea waliovalishwa majoho yanayowafunika hadi miguu. Wapiga picha wananiletea kadi za kamera zao, mimi nakata, naunga, naweka muziki, naondoa pale mjomba alipopiga miayo. Kwa siku moja naweza kuwaona shangazi arobaini wakienda kutoa zawadi kwa mwendo uleule, hatua mbili mbele na moja nyuma. Nikifumba macho bado wanakuja.

Mtu kama mimi kumtumia video ni sawa na kumpelekea mpika mandazi mandazi. Lakini watu ndivyo walivyo, wakijua unashughulika na kitu ndiyo kwanza wanakuongezea. Simu yangu ilikuwa na mbuzi aliyevaa kofia, mtu anayemenya nanasi zima bila kuinua kisu, paka wa udongo anayesukuma chapati, kiti kinachomkimbia mwenye kiti. Walinitumia majirani, wateja, hata mweka hazina wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Nikatafuta njia ya kuwanyamazisha bila kuwaudhi. Niliizuia simu isipakue chochote yenyewe, kwa hiyo kila video ikawa inaingia kama kipicha chenye ukungu na mshale katikati, nami bila kuugusa ule mshale naweka chini yake kidole gumba. Kidole gumba ni adabu ya siku hizi. Kinasema nimeona, nimependa, asante, sasa niache nifanye kazi.

Aliyenitumia kuliko wote alikuwa baba.

Baba aliishi Kibuta, Kisarawe, kwenye shamba la mihogo na mikorosho alilorithi kwa baba yake. Mama alifariki zamani, mimi sijaanza hata kazi, na mtoto wao nilikuwa peke yangu. Aliyebaki naye pale ni dada yake, shangazi yangu, ambaye nyumba yake iko upande wa pili wa uwa. Ukitazama ramani, Visiga na Kibuta ni majirani wa kuombana chumvi. Kwa usafiri niliouzoea mimi, ilinipasa kushuka hadi Dar es Salaam, kuzungukia Pugu, kupanda hadi Kisarawe mjini, halafu nitafute bodaboda ya kuniingiza ndani. Nilikuwa nakwenda kila Idi. Baadaye nikawa nakwenda Idi moja na kuiruka nyingine, na sababu sikukosa, maana harusi nyingi hufungwa sikukuu.

Simu yake nilimpa mimi. Ilikuwa yangu ya zamani, ina ufa kwenye kioo kuanzia kona hadi kona, nikampa ili anipigie akiumwa. Kuhusu kuumwa hakuwahi kunipigia. Alichogundua baba ni video, na alizigundua na umri wa miaka sabini na kitu, kama mtu aliyeoneshwa chumba ambacho kilikuwa ndani ya nyumba yake siku zote. Habari na siasa hakuzitaka. Alipenda vioja, na zaidi ya vioja alipenda vikatuni na vile vifilamu vifupi visivyo na maneno, ambavyo mtu anabeba mlango mgongoni mtaa mzima hujui anaupeleka wapi.

Mtandao kwa baba ulikuwa wa kubahatisha. Ulipatikana sehemu moja tu, juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya choo. Basi asubuhi baada ya chai, na alasiri kabla ya kufungia kuku, mzee wangu alikuwa akipanda kichuguu na kuinua simu juu kama anayetundika taa. Shangazi alisema mchwa wamehama kwa aibu. Akishatuma alikuwa anapiga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeiona?"

"Nimeiona."

"Umecheka?"

"Nimecheka sana."

"Wapi? Pale alipoanguka?"

"Hapohapo, baba. Pale alipoanguka."

Sikuwa nimeona kitu. Sikujua hata kama aliyeanguka ni mtu au mbuzi. Lakini katika video za kuchekesha lazima kuna anayeanguka, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa salama, na nikautumia huohuo miezi na miezi. Halafu hata hizo simu zake nikaanza kuziacha ziite. Naweka kidole, naendelea na shangazi zangu wa kwenye kompyuta.

Mara moja tu aliniuliza kitu cha tofauti, na nakumbuka kwa sababu nilimjibu vibaya. Alikuwa ameona kikatuni cha kijiko na kikombe vinavyotembea mezani vyenyewe.

"Mwanangu, hivi vinavutwa na nini? Nimetafuta uzi, sijauona."

Nilikuwa na harusi mbili za kumaliza, na mama mmoja alikuwa amekaa nyuma yangu akilalamika kwamba keki haikuonekana ya kutosha. Nikamwambia baba harakaharaka kwamba hakuna uzi. Wanapiga picha moja, wanakisogeza kitu kidogo, wanapiga nyingine, wanakisogeza tena, mpaka picha zifike nyingi, halafu zinaungwa na kukimbizwa.

"Zote hizo kwa mkono?"

"Kwa mkono, baba."

"Basi hao watu wana subira," akasema. Halafu akauliza kama simu yake inaweza kuziunga, nikamtumia programu moja ya bure ili tu nikate simu, na nikasahau.

Baba alikufa msimu wa kuokota korosho. Asubuhi alilalamika kifua, saa sita shangazi akanipigia. Hakusema baba amekufa, alisema, "Mwanangu, njoo," nami nikajua. Nilifika jeneza likiwa linatoka uani. Wanaume walikwenda makaburini, mimi nikakaa jamvini na wanawake, nimechoka uchovu ambao hata kulia sikuweza. Watu walidhani nina moyo mgumu. Pengine walikuwa sahihi.

Siku ya tatu, baada ya hitima, akaja mtani.

Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani kwenye msiba ana kazi yake. Wengine wakilia, yeye anamwigiza marehemu. Anavaa nguo zake, anatembea mwendo wake, anawatukana wafiwa mpaka wacheke wasitake. Mtani wa baba alikuwa mzee wa Kinyamwezi aliyeingia Kisarawe akiwa kijana, akaoa, akalima, akatia mizizi Marui. Yeye na baba walikuwa wakifuatana kwa baiskeli, leo huyu kwa yule, kesho yule kwa huyu, kwenda kutukanana na kunywa chai.

Aliingia uani amevaa koti la baba la kaki na kofia yake. Akageuza kinu juu chini, akapanda juu yake kwa shida, goti moja kwanza kisha jingine, akikohoa kikohozi cha baba. Watu wakaanza kucheka hapohapo, kwa kuwa kila mtu alikijua kichuguu. Kisha akatoa mfukoni simu ya baba. Akaiweka mbali na macho, akakunja shingo, akaanza kucheka kabla video haijaanza, vilevile alivyokuwa akicheka yeye. "Tazama, tazama! Bado, hapo bado! Subiri!" Hata shangazi, aliyekuwa amekesha akilia, alijifunika kanga usoni mabega yakimtikisika.

Akainua simu juu. Akangoja, uso umekunjamana, kama mtu anayesikiliza hodi. Akaitazama. Kisha uso ukafunguka, akanyoosha kidole gumba hewani, akaruka chini kutoka juu ya kinu na uzee wake wote.

"Amecheka!" akapiga kelele. "Binti yangu kacheka! Nyie wa Kibuta mnalala tu, binti yangu huko Visiga kavunjika mbavu!"

Watu walikufa kwa kicheko. Mimi nilitazama jamvi. Sikuwahi kujua kwamba kidole changu kilikuwa kinapokelewa hivyo.

Alipomaliza, mtani akaifunga simu kwenye kitambaa na kusema huyu ni mateka, anaondoka naye Marui. Hiyo nayo ni sehemu ya mchezo. Mtani akichukua kitu cha marehemu, wafiwa wanakikomboa. Mnamwita mwizi, mnamletea kuku mwembamba kuliko wote, anamkataa, mnabishana, mnaongeza kikombe cha chumvi, watu wanacheka, kitu kinarudi. Anayekomboa ni mtoto mkubwa, na mtoto alikuwa mimi. Watu wote wakanigeukia, wengine wameshaanza kutabasamu.

"Kaa nayo tu," nikamwambia.

Nilisema kwa sauti ileile ninayomjibia mteja anayetaka punguzo. Mtani akaitazama simu, akanitazama mimi.

"Unasema kweli, mtani?"

"Kweli. Mimi nimechoka."

Akaitia mfukoni. Akavua koti la baba polepole, akalikunja, akaliweka juu ya kinu, akaenda kuchukua baiskeli yake. Hakuna aliyecheka tena siku ile.

Shangazi alinivutia jikoni. "Umemwaibisha mtu wa watu," akasema. "Mtani hapewi, mtani anakombolewa. Umemfanya kama kaja kuomba."

"Ile simu mbovu, shangazi. Ina ufa."

"Sijasema habari ya simu," akanijibu, akageukia sufuria.

Arobaini ilipofika, mtani hakuja. Niliona, na shangazi aliona.

Nikarudi Visiga kwenye kiti changu. Watu wanasema kazi inasahaulisha. Yangu haikunisahaulisha kitu, maana katika kila harusi kuna baba wa bibi harusi, na kila baba wa bibi harusi ana namna yake ya kutojua mikono aiweke wapi. Nilikuwa nakata, naunga, najisikia mzito kama gunia lililonyeshewa. Simu iliendelea kuleta mbuzi na paka kutoka kwa watu wengine, nami niliendelea kuweka kidole, ila sasa kila nikikiweka nilimwona mtani anaruka kutoka kwenye kinu.

Siku moja mchana umeme ukakatika. Chumba kikawa kimya, hata feni iliacha kulalamika. Sikuwa na la kufanya, na nadhani ndiyo maana nikafungua ujumbe wa baba. Nilikuwa sijaufungua tangu afe. Nikapandisha, nikapandisha, nikaona ukungu juu ya ukungu, na chini ya kila ukungu kidole changu. Nikasema leo nazitazama zote, hata zikichukua wiki. Nilinunua na bando kubwa kwa ajili hiyo. Nikabonyeza mshale wa ile ya mwisho.

Ikazunguka kidogo, ikagoma. Yakatokea maneno kwamba video haipatikani tena, niombe aliyenitumia anitumie upya.

Nikabonyeza ya juu yake. Maneno yaleyale. Nikabonyeza nyingine, na nyingine, nikafika hadi zile za mwaka wa kwanza, na kila moja ikaniambia nimwombe aliyenitumia. Mimi ninayeishi kwa video sikujua kwamba usipoipakua kwa wakati wake, mwisho inatupwa. Nilikaa mle chumbani nikajichukia kwa sauti, nikajitukana matusi ambayo mtani angeyaonea wivu.

Nikampigia shangazi. Nilihitaji kumwambia mtu.

"Video zipi?" akauliza. "Za mbuzi? Hizo si zimejaa kila mahali, kaangalie kwa watu."

"Ndiyo, shangazi. Lakini zilikuwa zake."

"Za kwake! Ya kwake ni ile ya korosho tu. Ile si uliiona?"

"Korosho gani?"

Nikamsikia anavuta kigoda.

"Mwanangu, ile waliyoitengeneza wenyewe, yeye na mtani wake. Walinichukulia mkeka wangu, wakaukalia siku nzima nzima, kuku asipite, mtu asikanyage. Ukiuliza wanakwambia kaa kimya, korosho inakwenda Visiga. Nikasema hawa wazee wamerogwa. Baba yako akasema umemfundisha wewe kwa simu." Akashusha sauti. "Alisema umeipenda. Alisema umemtumia kidole."

Niliitafuta nikaipata. Kipicha chenye ukungu, rangi ya mkeka, na katikati vidoa vya kahawia. Nakumbuka hata siku ile ilipoingia nilidhani ni mtu anatangaza vitafunwa. Saa ya video na saa ya kidole changu zilikuwa zimeandikwa pale, na hazikupishana hata dakika.

Jumamosi iliyofuata nilifunga duka. Bibi harusi mmoja alinipigia mara sita, sikupokea. Nilikwenda Kibuta, nikalala kwa shangazi, asubuhi nikamwomba anichagulie kuku mwembamba kuliko wote aliyenaye. Hakuniuliza wa nini. Alinitolea mmoja asiye na manyoya shingoni, mwenye sura ya mtu anayedaiwa, tukamfunga miguu, nikapanda naye bodaboda hadi Marui.

Mtani alikuwa nyuma ya nyumba anabangua korosho. Alipomwona kuku aliweka kisu chini.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mtumwa wangu. Huyo kuku kafiwa na nani?"

"Nimekuja kukomboa mateka."

Nilikuwa nimeyapanga maneno yale njia nzima, na nilitaka niyaseme kwa utani kama inavyotakiwa, lakini yalinitoka kama ombi. Yeye hakucheka. Alimchukua kuku, akamfungua miguu, akamwachia aende zake, akaingia ndani. Akarudi na simu ya baba. Ufa ulikuwa palepale, kona hadi kona. Ila nilipoiwasha ilinisalimia kama simu iliyotoka dukani, haina picha, haina jina, haina kitu.

"Ilikuwa na kufuli," mtani akasema. "Nikakaa nayo hivyohivyo mpaka arobaini, nikisema watakuja kunitukana. Hamkuja. Nikaipeleka kwa fundi Kisarawe mjini. Akaniuliza, mzee, nikiisafisha vyote vinafutika, kuna kitu unataka kibaki? Nikamwambia mwenyewe kafa, na mtoto wake kasema nikae nayo."

Sikuwa na wa kumlaumu. Nilikaa chini, kwenye maganda ya korosho, na nikamwambia mambo ambayo sikuwa nimemwambia hata shangazi. Kwamba sikuiona ile ya korosho. Kwamba sikuwa nimeona hata moja, miaka yote ile, na kwamba kila nilipomwambia baba nimecheka nilikuwa namdanganya.

"Najua," akasema. "Nilijua siku ile. Mtu aliyeiona ile asingeniambia nikae na simu."

"Na yeye? Alijua?"

Hilo ndilo nililolifuata Marui, zaidi ya simu. Mtani akaokota korosho moja, akaigeuzageuza.

"Baba yako alikuwa Mzaramo, na Wazaramo akili zenu mnazijua wenyewe," akasema. "Kila video alikuwa ananionesha mimi kwanza. Hii atacheka? Nikisema hapana, haitumi. Kumi nilikuwa namkatalia, moja ndiyo unatumiwa. Siku moja nikamwambia, mtani, lakini kidole hakicheki. Pengine mwanao hata hatazami." Akatikisa kichwa. "Aliinuka akaenda zake. Baiskeli ile, mpaka Kibuta, chai yangu hajaigusa. Wiki nzima hakuja. Aliporudi alinikuta hapahapa, akaniambia basi tutatengeneza yetu. Kama hizi za watu hazimfai, yetu itamfaa."

Nililia basi, kilio kile kilichoshindikana msibani. Mtani aliniacha. Baadaye akasema nalia kama mlango usiotiwa mafuta, na kwamba Wazaramo hata kulia hawajui, akaingia tena ndani.

Alitoka na mkeka, akautandika. Akaweka bakuli la korosho mwanzoni mwa mkeka, na mwisho wake kiberiti alichokisimamisha, na juu ya kiberiti punje moja ya hindi, imetupa mgongo. Katikati akapiga mstari kwa mkaa. Alipolala kifudifudi, taratibu, mkono mmoja umeshika kiuno, nilielewa anachotaka kufanya, na mkono wangu wenyewe ukatoa simu mfukoni nirekodi. Ni mazoea ya kazi.

"Weka chini," mtani akasema bila kugeuka. "Ya kwenye simu hukuiona. Hii ya mkono itazame kwanza."

Nikaiweka simu. Nikalala na mimi kwenye mkeka, shavu karibu na ukili, kwa kuwa kutoka juu mkono wake ulikuwa unaniziba.

Korosho ikatoka kwenye bakuli. Ilikuwa inasogea nusu kidole, inasimama, inasogea tena, na mkono wake ulikuwa unatetemeka kwa hiyo korosho nayo ilitetemeka. Mdomoni alikuwa ananguruma kama gari. Ikapita mkunjo wa mkeka, akasema hii Kisarawe. Ikafika kwenye mstari wa mkaa, akasema hii Pugu, na hapo korosho ikapinduka chali.

"Hapa inaanguka," akasema. "Mimi nilikataa, nikasema haina maana. Yeye akasema lazima ianguke. Binti yangu anapenda pale mtu anapoanguka."

Nilifumba macho, kisha nikayafumbua, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nitazame.

Korosho ikainuka. Ikatembea sana, nusu ya mkeka iliyobaki, ikafika kwenye kiberiti. Akasema hii Visiga, na huyu juu ni wewe, uko kazini. Punje haikugeuka. Korosho ikapanda kiberiti, ikaanguka, ikapanda. Ikakaa nyuma ya punje. Ikaanza kucheza, hatua mbili mbele na moja nyuma. Ikacheza peke yake muda mrefu kiasi kwamba niliona jasho kwenye shingo ya mtani. Halafu akaishika punje kwa ncha za vidole viwili, akaigeuza kidogo, akaigeuza tena, mpaka ikaitazama korosho, ndipo akaitikisa, taratibu, kulia na kushoto.

"Hapo unacheka," akasema. "Ilikuwa ngumu kweli. Ilikuwa inaanguka kila tukiigusa. Kukuchekesha tu kulituchukua asubuhi tatu."

Akaondoa mkono. Korosho na punje zikabaki juu ya kiberiti. Yule kuku asiye na manyoya shingoni alikuwa amerudi, anazitazama.

"Umecheka?" mtani akaniuliza.

Nikamwambia hapana, bado. Akamfukuza kuku, akairudisha korosho kwenye bakuli, akaigeuza punje ikatupa mgongo, akaanza upya.